Nianzie wapi kumtafuta baba wa babu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwetu ni Old Moshi, ila mimi naishi mjini, Majengo. Tunaambiwa baba wa babu yangu alizaliwa mwaka Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, aliponyongwa na Wajerumani, akawa askari wa Mjerumani vita ya kwanza, akarudi, akabatizwa usharika wa Kidia, hukohuko Old Moshi, halafu akamwoa mama aliyemzaa babu. Siku moja bibi aliponyokwa na neno kwamba kulikuwa na mke mwingine kabla, mwenye watoto, lakini wazee wakiulizwa wanageuza mazungumzo. Tuna picha moja ya huyo mzee amevaa koti refu, na baba mdogo anatunza medali yake iliyochakaa yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza. Nataka kujua alizaliwa lini, vitani alifika wapi, na hao ndugu zetu wako wapi. Nianze na nyaraka za Wajerumani?

Jibu: Marahaba. Hapana, usianze na Wajerumani. Watu wengi wanaoniuliza swali kama lako wanataka kwenda moja kwa moja Dar es Salaam au Berlin, kumbe nusu ya majibu yako hatua chache kutoka jikoni kwa bibi yako. Nyaraka zina kazi yake, na nitazifikia. Lakini ukizifuata ukiwa na jina moja tu na hadithi moja, utarudi mikono mitupu, kwa sababu jina unalolijua wewe huenda halikuwepo siku aliyoandikwa.

Tuanze na hesabu. Meli alinyongwa Machi 2, 1900, hapohapo Old Moshi, pamoja na viongozi wengine wa mlimani, wa Meru na wa Arusha. Vita ilianza Agosti 1914. Aliyezaliwa mwaka ule wa 1900 alikuwa na miaka kumi na minne Mjerumani alipoanza kukusanya watu. Huyo si askari. Anaweza kuwa boi wa askari, mtoto wa kubeba sufuria na mkeka, au mpagazi aliyekokotwa na wenzake. Basi ama mwaka wa kuzaliwa umekosewa, ama cheo kimekuzwa na wajukuu. Ninavyoona mimi, mwaka ndio umekosewa. "Alikuwa mtoto Meli aliponyongwa" hugeuka "alizaliwa Meli aliponyongwa" ndani ya kizazi kimoja tu, bila mtu yeyote kudanganya. Ukimpa miaka minane au kumi siku ile, mambo mengine yote yanakaa sawa: alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu vita ilipoanza, tayari kuwa na mke na mtoto au wawili. Mke wa kwanza basi alikuwepo kabla ya vita. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa medali. Umeitaja kama pambo, lakini kwangu ndiyo kitu kizito kuliko vyote ulivyotaja. Mfalme wa Uingereza anatafuta nini kwenye kifua cha askari wa Mjerumani? Mwombe baba mdogo akuruhusu uishike. Usiisugue kwa dawa wala mchanga. Iweke karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu, usome maandishi yanayozunguka kichwa. Ikiwa ni George V, yaelekea ni ya vita ya kwanza. Ikiwa ni George VI, yaelekea ni ya vita ya pili, 1939 hadi 1945, na hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba si ya mzee huyu bali ya mwanawe mmoja aliyekwenda keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, na familia imeunganisha watu wawili wakawa mmoja. Hilo hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Baba na mwana wote "walikwenda vitani", na msimulizi wa tatu hajui tena vita gani.

Kama ni George V, geuza medali uangalie ukingo, ule unene wake. Medali za vita ya kwanza walizopewa keya zilichongwa hapo namba, jina na kikosi. Herufi ni ndogo na zimelika, kwa hiyo zungushia karatasi nyembamba, pitisha penseli taratibu, na utaona hata kile ambacho jicho halioni. Namba hiyo iandike kama ilivyo. Orodha za waliopewa medali za vita ile zimehifadhiwa Kew, London, katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, na hapo namba ina thamani kuliko jina.

Na usishangae ukikuta kweli alikuwa keya. Haipingani na hadithi ya nyumbani. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya keya kwa kuwachukua askari wa zamani wa Mjerumani waliokamatwa au waliojisalimisha. Mtu aliweza kuanza vita upande mmoja na kuimaliza upande wa pili, kisha akarudi nyumbani akasimulia ule mwanzo tu.

Ukitaka kujua alifika wapi, usiulize "alipigana wapi". Waulize wazee alikuwa akitaja majina gani ya mahali. Waingereza chini ya Jenerali Smuts waliingia Moshi Machi 1916, na mapigano ya Kahe yalifuata mwezi huohuo. Hadithi ikiishia Kahe au kwenye reli ya Tanga, maana yake alitoroka mapema, kama wengi walivyofanya, na wala si aibu. Akitajwa Handeni au Morogoro, alikwenda na msafara hadi katikati ya mwaka 1916. Akitajwa Rufiji, Mahiwa, Ruvuma au Msumbiji, huyo alikwenda mbali sana na huenda hakurudi kabla ya 1918. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilivuka Ruvuma Novemba 1917, na likaweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Jina moja la mto likisemwa vizuri na bibi wa miaka tisini linaweza kukupa miaka miwili ya maisha ya mtu.

Kumpata kwa jina katika majalada ya jeshi la Mjerumani ni jambo la kutolitegemea. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi lao iliteketea Potsdam Aprili 1945 kwa mabomu. Wapagazi ndio kabisa. Mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa wakihudumia upande wa Uingereza bila kukumbukwa kwa majina, au bila kukumbukwa kabisa. Kama hata waliokufa hawakuandikwa, aliyerudi na miguu yake ataandikwa na nani?

Aliyeandika ni kanisa. Na hapa una bahati ya kuwa mtu wa Kidia.

Wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893, wakaanzia Machame, na Old Moshi walianza 1896. Bruno Gutmann, ambaye wazee wa Old Moshi bado wanamtaja, alihudumu hapo kwa miaka mingi hadi 1938. Hawa watu walipenda kuandika. Nenda usharikani, zungumza na mchungaji kwa adabu, ueleze unachotafuta, uombe kuona kitabu cha ubatizo cha zamani. Usiende Jumapili baada ya ibada. Nenda katikati ya wiki, ukiwa na barua ya mzee wa kanisa wa mtaa wenu. Kitabu kikiwa hakipo pale, uliza kama kilipelekwa kwenye ofisi za Dayosisi ya Kaskazini, Moshi mjini.

Ukifungua kitabu, usitafute jina unalolijua. Mtu mzima aliyebatizwa aliingia na jina lake la nyumbani akatoka na lingine: Filipo, Zakaria, Yohane. Jina la ukoo mnalotumia leo kwenye vitambulisho linaweza kuwa lilishikwa na babu shuleni, si yeye. Kwa hiyo tafuta vitu vitatu vinavyokwenda pamoja: jina lake la kuzaliwa, jina la baba yake, na mtaa aliotoka. Viwili vikikubaliana, msimamishe hapo na umchunguze. Angalia pia wadhamini wake. Mdhamini hakuokotwa njiani. Mara nyingi alikuwa ndugu, jirani au rafiki wa rika moja, na ukoo wa mdhamini unaweza kukueleza mzee alikuwa akikaa na nani alipotoka vitani.

Jiandae na mwandiko. Mjerumani wa wakati ule aliandika kwa herufi za mkono ambazo hata Wajerumani wa leo hazisomeki kwao bila kufundishwa. Herufi "e" inafanana na "n". Herufi "u" inawekewa kitao kidogo juu ili isichanganywe na "n", na watu wengi hukidhani ni alama ya kuharibika kwa karatasi. Tahajia nayo ni yao: Moshi ni Moschi, Machame ni Madschame, Kibosho ni Kiboscho, Mchagga ni Dschagga. Kwa mtindo huo Shayo anaweza kuwa Schajo, Mushi akawa Muschi, Lyimo akawa Ljimo. Liandike jina la mzee wako kwa njia zote hizo kwenye karatasi kabla hujaondoka nyumbani, uwe nayo mezani unaposoma.

Usitishike ukiona mwandiko unabadilika ghafla. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa na Waingereza mwaka 1920, sharika zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji, wakaja Walutheri wa Marekani wa Augustana, kisha Leipzig wakarudi katikati ya miaka ya 1920. Kama mzee alibatizwa baada ya kurudi, upo uwezekano kwamba aliyemwandika ni mwalimu Mchagga, na hapo majina yataandikwa karibu na yanavyotamkwa. Hizo ndizo kurasa ninazozipenda mimi.

Sasa tuje kwa mke wa kwanza, maana nadhani ndiko roho yako iliko.

Wazee wanaponyamaza kuhusu mke, watu wa siku hizi hudhani kuna uchawi au aibu kubwa. Mara nyingi ni jambo la kawaida la wakati ule ambalo leo halielezeki kirahisi mbele ya wajukuu. Fikiria mwenyewe. Kijana anachukuliwa mwaka 1914 au 1915. Mwaka mmoja unapita, wa pili, wa tatu, hakuna habari. Amemwacha mke na watoto wadogo. Ukoo hauwaachi hivyohivyo. Mwanamke alitolewa ng'ombe na watoto ni wa ukoo. Mzee wa ukoo anaamua kwamba mume amekufa, na ndugu wa mume anamrithi. Kisha 1918 au 1919, mtu anatokea njiani na koti la jeshi.

Afanye nini? Amnyang'anye kaka yake? Huenda kuna mtoto mwingine tayari. Wazee wakakaa, pombe ikanywewa, yakaisha: mwanamke abaki alipo, na wewe utafutiwe mwingine. Miaka michache baadaye anaingia darasa la ubatizo, anamwoa mama mzaa babu yako kanisani kama mtu anayeanza upya. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwenu. Nasema hesabu za miaka yako zinaruhusu, na kama ndivyo, basi ndugu unaowatafuta hawajapotea popote. Wako kihamba cha pili, yaani shamba la ukoo la jirani, chini ya mfongo uleule, mfereji uleule wa maji, na mnawaita watoto wa baba mkubwa.

Kuna njia ya kulipima hili bila kumuuliza mtu swali la kumvua nguo. Unajua desturi yetu ya majina: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Kaa na daftari, uandike watoto wa kwanza wa kiume wa kila nyumba katika ukoo, kizazi baada ya kizazi. Jina la nyumbani la mzee wako, lile la kabla ya ubatizo, linapaswa kuonekana kwa wajukuu wake wa nyumba yenu. Likionekana pia kwa mjukuu wa kwanza kwenye nyumba ya ndugu yake, simama hapo. Yule anayehesabiwa mtoto wa ndugu alimpa mwanawe jina la baba aliyemjua moyoni. Watu waliweza kunyamaza kwa mdomo, lakini kwenye majina walisema.

Uwezekano wa pili ni kwamba mwanamke alirudi kwao na watoto wakalelewa kwa wajomba. Hapo swali ni kwao wapi. Old Moshi wameoleana sana na Uru, Mbokomu na Kirua. Akiwa ametoka upande wenye Wakatoliki wengi, watoto wake watakuwa kwenye vitabu vya parokia, na Kilema na Kibosho ni misheni kongwe tangu miaka ya 1890. Vitabu hivyo ni vya Kilatini, Yohane ni Joannes, lakini vina faida moja kubwa: pembeni mwa mstari wa ubatizo huongezwa kipaimara na ndoa, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukueleza binti aliolewa lini na nani.

Uwezekano wa tatu ni kifo. Ukisikia "alikufa vita ilipokuwa inakwisha", kumbuka ile homa ya mafua ya 1918 iliyozunguka dunia nzima.

Nakuomba jambo moja kabla hujaanza kuuliza. Mlimani, swali la nyumba ya kwanza ni swali la kihamba. Kwa desturi mtoto wa kwanza ana haki yake na kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye boma la baba, na kihamba cha leo kina mahoteli, wapangaji na kesi. Ukijitokeza Desemba, watu wote wamepanda nyumbani kwa Krismasi, ukaanza kuuliza nani alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee fulani, kuna baba mdogo ataacha kutafuna nyama. Tangulia kumwona mzee wa ukoo peke yake, na kinywaji chake, umweleze waziwazi kwamba hudai ardhi na hutadai. Shangazi ni bora zaidi. Mabinti wa ukoo waliolewa nje, hawana kihamba cha kulinda, na ndio waliosikia mama zao wakizungumza jikoni.

Bibi yako mrekodi kwa simu, kwa Kichagga, bila kumkatiza. Usimuulize miaka. Muulize mzee alitahiriwa na akina nani, nani alikuwa jirani yake juu na chini, alikunywa maji ya mfongo gani, masale, ile mimea inayoheshimiwa na Wachagga, yaliyo kwenye kihamba yamepandwa wapi na kwa nini pale. Zamani kabla ya makaburi ya saruji, mifupa ya wazee iliwekwa chini ya masale, na bibi anaweza kujua nani yuko wapi bila kuwahi kulisema.

Ukishakuwa na jina la nyumbani, mtaa na mwaka wa kukadiria, ndipo uende Dar es Salaam, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga. Kuna majalada ya Mjerumani yaliyobaki, na kuna kitabu cha wilaya ya Moshi cha wakati wa Mwingereza. Mtu wa kawaida huwa hatajwi humo isipokuwa alishtaki, alishtakiwa au alimkera mtawala. Mashauri ya vihamba ndiyo mazuri, kwa sababu mdai huanza kwa kutaja baba, babu, na mangi aliyegawa ardhi. Na ndani ya masanduku ya nyumbani tafuta risiti za kodi na karatasi za kahawa. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianza 1925, chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata 1933, na mtu aliyerudi vitani na hela kidogo huenda alikuwa miongoni mwa waliopanda miche mapema.

Kuhusu picha: ipige upya pande zote mbili, hasa nyuma, kwa mwanga wa mchana. Kumbukumbu za Leipzig zinatunzwa Halle, Ujerumani, katika Franckesche Stiftungen, na maelfu ya picha za misheni zinaonekana bure kwenye tovuti ya chuo kikuu cha Southern California. Tafuta kwa neno Moschi, si Moshi. Hutampata mzee wako kwa jina, lakini unaweza kupata darasa la ubatizo la miaka yake, na wewe unaijua sura yake.

Vipimo vya vinasaba viache kwanza. Ni ghali, na watu wa kwetu waliopima ni wachache mno.

Anza na ukingo wa medali wiki hii, maana huo haumuudhi mtu. Ukipata herufi na namba, niandikie kama zilivyo, hata zile zinazoonekana kukosewa, na usiongeze herufi unayodhani imefutika.